Duka la dawa muhimu: fungua mtaji uliolala kabla ya kwenda kukopa

Wakikutana wenye maduka madogo ya dawa, haipiti nusu saa neno mtaji halijatajwa. Mtaji hautoshi, benki zinazungusha, wauzaji wa jumla wanataka fedha mkononi. Yote ni kweli. Lakini fuatana na mmoja wao hadi dukani, vuta boksi la chini kabisa kwenye rafu ya nyuma, utakuta chupa arobaini za dawa ya kikohozi zilizonunuliwa kwa sababu "siku ile walipunguza bei", na zimebakiza miezi miwili. Mtaji anaoulilia uko pale, umelala.

Mwongozo huu ni wa mwenye Duka la Dawa Muhimu, DLDM, hapa Tanzania. Mwenye famasi ndogo naye atapata lake humu, na wa Kenya au Uganda atabadilisha majina ya mamlaka na kufuata sheria za kwao. Nimeanza na ubora, fedha zikafuata, na sababu ni ya kibiashara. Mkaguzi anayekuja kuangalia duka na ofisa mikopo anayekuja kulipima wanaulizia vitu vilevile: kibali kilicho hai, risiti za manunuzi, daftari la mauzo, rafu inayoeleweka. Kazi ni moja, wakaguzi ni wawili.

Wala si wazo geni. Kabla ya 2003 tulikuwa na maduka ya dawa baridi. Kisheria yaliruhusiwa dawa baridi tu, zile zisizohitaji cheti cha daktari, lakini kila mtu alijua antibiotiki zinatoka chini ya kaunta, na wauzaji wengi hawakuwa na mafunzo ya kutosha. Mwaka huo mamlaka ya chakula na dawa ya wakati ule, TFDA, ikishirikiana na MSH, shirika la afya la Marekani, kwa fedha za Mfuko wa Bill na Melinda Gates, ilianza majaribio ya DLDM mkoani Ruvuma. Muuza dawa alifundishwa, mwenye duka naye akafundishwa, duka likakaguliwa, kisha likaruhusiwa kuuza kihalali baadhi ya dawa za cheti. Watu husahau kwamba mpango ule ulijali pia wenye maduka wapate mikopo, kwa kuwa duka lisilo na fedha huishia kununua kwenye mabegi ya wachuuzi. Uganda waliiga kwa kuanzia wilaya ya Kibaale mwaka 2009. Kwetu usimamizi wa maduka ulikwenda Baraza la Famasi kwa Sheria ya Famasi ya 2011, na TFDA ikawa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, mwaka 2019.

Hatua ya 1: Ukuta wako useme kweli

Tundika ukutani kibali cha Baraza la Famasi cha mwaka huu, leseni ya biashara ya halmashauri, cheti cha TIN na cheti cha mtoa dawa. Hapo pa mwisho ndipo wengi wanapoangukia. Jina lililo ukutani ni la dada aliyesoma kozi ya watoa dawa, anayeuza ni mdogo wake mwenye duka aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Mkaguzi akiingia, dada "katoka kidogo". Ofisa mikopo mwenye uzoefu naye huuliza swali hilo, maana duka linaloweza kufungwa kesho haliwezi kurejesha mkopo wa mwaka mzima. Mtoa dawa wako akiaga, anza kutafuta mwingine mwenye cheti siku hiyohiyo, au mlipie ada ya kozi ndugu unayemwamini kabla hujabanwa.

Kuna orodha ya dawa ambazo DLDM inaruhusiwa kuuza. Ibandike ndani ya kabati. Kila unachoweka nje ya orodha hiyo ni fedha inayoweza kuchukuliwa na mkaguzi asubuhi yoyote, tena ikifuatiwa na faini. Dawa yenye alama ya GOT ni ya serikali, imetoka Bohari ya Dawa kwenda hospitali na zahanati za umma. Hata kidonge kimoja chenye alama hiyo kisionekane dukani kwako, hata kama aliyekuletea ni shemeji.

Hatua ya 2: Hesabu rafu zote kwa siku moja

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayoahirishwa kuliko zote. Chagua siku yenye wateja wachache, Jumapili mchana mara nyingi inafaa, funga duka. Mmoja ahesabu, mwingine aandike. Kwa kila dawa andika jina, nguvu yake kwa miligramu, idadi, bei uliyonunulia, namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda. Kopo la vidonge elfu moja lililofunguliwa usilikadirie kwa macho. Mimina kwenye trei, hesabu kwa tano tano.

Mnapohesabu, tenga mafungu matatu.

La kwanza ni zilizokwisha muda. Zitoe rafuni muda uleule, zitie kwenye boksi, lifunge kwa gundi ya karatasi na kuliandika kwa kalamu nene: HAZIUZWI. Ndani weka orodha yake. Usizitupe jalalani wala chooni. Mjulishe mfamasia wa halmashauri, naye atakueleza utaratibu wa kuziteketeza chini ya usimamizi. Boksi hilo likiwa na orodha, mkaguzi anaona duka lenye mpangilio. Dawa hizohizo zikikutwa rafuni katikati ya nzima, zinakuwa kosa.

La pili ni zinazokwisha muda ndani ya miezi sita. Hapa kuna fedha ya kuokoa. Mpigie simu aliyekuuzia, ukiwa na risiti na namba ya toleo mkononi, umuulize kama atabadilisha. Wengine hukubali wakiambiwa mapema, na karibu wote hukataa ikibaki wiki tatu. Zinazobaki, zisogeze mbele ya rafu zitoke kwanza. Ila dozi ya siku thelathini usimpe mtu kwa dawa iliyobakiza siku ishirini.

La tatu ni zilizobaki, na humo ndimo usingizi mrefu ulimo. Tuchukue duka la mfano ambalo tutakwenda nalo hadi mwisho. Linauza milioni 3 kwa mwezi. Bei zake ni bei ya kununulia ukiongeza asilimia 30, kwa hiyo dawa zilizotoka mwezi huo zilinunuliwa kwa takribani shilingi 2,310,000. Siku ya kuhesabu, rafu nzima kwa bei ya kununulia ikakutwa na milioni 6. Gawanya milioni 6 kwa 2,310,000, unapata miezi miwili na nusu na ushee. Duka linaloagiza mzigo kila wiki mbili, na mji wenye wauzaji wa jumla uko saa chache kwa basi, halihitaji kulaza zaidi ya mwezi mmoja na nusu, yaani kama 3,460,000. Tofauti ni shilingi 2,540,000. Mwenye duka huyo alikuwa anajiandaa kwenda kukopa milioni mbili.

Fedha hiyo haiji kwa siku moja. Inakuja kwa kuacha kununua vinavyolala, mwezi hadi mwezi, na kuhamishia fedha kwenye dawa chache zinazobeba duka: parasetamoli, ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) na zinki, dawa mseto ya malaria, amoksilini, dawa za minyoo, dawa za vidonda vya tumbo zinazoruhusiwa, vidonge vya uzazi wa mpango.

Hatua ya 3: Nunua kwa hesabu, siyo kwa punguzo

Kwa kila dawa inayotembea, weka kiwango cha kuagiza. Tuseme parasetamoli zinatoka karata (vipande vya foili vyenye vidonge) 120 kwa mwezi, yaani 30 kwa wiki. Tangu uagize hadi mzigo ufike ni wiki moja, na unataka akiba ya wiki moja ya dharura. Basi zikibaki 60, agiza. Zikiwa 90, usiagize hata kama muuzaji anakusihi. Iandike 60 kwenye kipande cha karatasi ukibandike kwenye ukingo wa rafu mbele ya dawa hiyo, ili hata ukiwa umesafiri anayeuza ajue. Msimu wa mvua pandisha kiwango cha dawa mseto na ORS. Kiangazi kikija kishushe.

Punguzo la bei lina mtego wake. Ukiuza kwa kuongeza asilimia 30, faida yako katika kila shilingi ya mauzo ni kama asilimia 23 tu, maana ulichonunua 1,000 unakiuza 1,300 na faida ni 300. Sasa boksi la shilingi 20,000 likiisha muda rafuni, inabidi uuze bidhaa za karibu 87,000 ndipo faida yake ifidie hasara hiyo, na kodi ya pango bado hujaigusa. Punguzo la asilimia 5 kwa sharti la kuchukua boksi kumi badala ya mbili, kwenye dawa inayotoka taratibu, halikufai.

Nunua kwa muuzaji wa jumla mwenye kibali, uchukue risiti yenye jina la duka lako. Ukifungua mzigo, kabla hujasaini, linganisha namba ya toleo na tarehe vilivyo kwenye boksi la nje na vilivyo kwenye karata ndani. Angalia tahajia ya jina, rangi ya uchapaji, foili isiyolegea. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takribani bidhaa moja ya tiba kati ya kumi ni duni au bandia. Anayekuja na begi mgongoni na dawa mseto kwa nusu ya bei ya Kariakoo hana msaada wowote wa kukupa. Ukishuku dawa, itenge, usiirudishe kimyakimya kwa aliyekuletea, toa taarifa TMDA. Ukimrudishia, ataiuza mtaa wa pili.

Hatua ya 4: Joto

Kipimajoto cha ukutani kina bei ndogo kuliko boksi moja la dawa mseto. Kitundike usawa wa rafu, mbali na mlango na feni, uandike kinachosomeka asubuhi na saa nane mchana. Dawa nyingi zimeandikwa zitunzwe chini ya nyuzi joto 30, nyingine chini ya 25. Duka la bati lisilo na dari, Dodoma mwezi wa kumi na moja au Tanga mwezi wa pili, hupita hapo bila shida, na pwani unyevunyevu unaongeza lake. Dari hata ya jipsamu ya bei nafuu, matundu ya hewa juu ya ukuta, pazia kwenye dirisha linalopokea jua la mchana, maboksi juu ya chaga na siyo sakafuni. Hayo hayahitaji mkopo mkubwa. Kama una friji ya dawa, iwe kati ya nyuzi 2 na 8, na soda zikae kwingine.

Hatua ya 5: Kaunta

Hapa pana mambo, tukae kidogo.

Anakuja mama mtu mzima, kamshika mjukuu mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe amoksilini za buku."

Dukani kwingi jibu ni mkono kuingia kwenye kopo, vidonge kumi ndani ya bahasha, mama kwaheri. Mtoa dawa aliyefundishwa anauliza kwanza: "Za nani, mama?" Za huyu mjukuu, anakohoa. Ana umri gani? Miaka miwili. Ameanza lini? Juzi. Anakunywa, anakula? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea kupita kawaida? Kisha anaomba mtoto apandishwe fulana, anahesabu pumzi kwa dakika moja nzima huku akitazama saa. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kwa wa miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka ni 50. Kifua kinaingia ndani anapovuta hewa? Dalili yoyote ya hatari, au mtoto wa chini ya miezi miwili, dukani hapana tiba yake, ni kituo cha afya sasa hivi, na mtoa dawa aandike karatasi fupi ya rufaa. Huyu wa miaka miwili pumzi zake ni 30, anacheka, pua inatiririka. Ni mafua. Hahitaji antibiotiki. Anahitaji vimiminika vya kutosha, parasetamoli kwa uzito wake kama ana homa, na bibi aelezwe dalili za kumrudisha.

Mauzo ya hapo ni madogo kuliko buku. Najua mwenye duka anavyojisikia. Lakini bibi yule ana wajukuu wengine, ana kikundi, ana kanisa au msikiti, na mtaani jina la duka linalouliza maswali husambaa upesi kuliko tangazo lolote. Anayetoa antibiotiki kwa kila kikohozi, usugu wa vimelea anaoujenga unarudi kwa wateja walewale, na kwa watoto wake mwenyewe.

Kuhusu nusu dozi, msimamo wangu ni mkali na wengi hawaupendi: usikate. Dozi ya dawa mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24, vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, na akila chakula chenye mafuta kidogo ndipo inafanya kazi vizuri. Vidonge 12 vinampoza tu, wadudu wanabaki. Fedha isipotosha, mpe aina ya bei nafuu ya dawa ileile, iliyosajiliwa. Bado haitoshi? Mwandikie deni dogo kwenye daftari la wadaiwa kama unamfahamu, ukiwa na ukomo wa jumla kwa mwezi ambao hauvuki. Deni la shilingi elfu mbili kwa mama wa jirani ni gharama ya kuheshimika. Malaria yenyewe ni kipimo kwanza. Homa peke yake haitoshi kumpa mtu dawa mseto.

Kuhara kwa mtoto kunakwenda na ORS pamoja na zinki, siyo ORS peke yake: miligramu 20 kwa siku kwa mwenye miezi sita na kuendelea, 10 kwa chini ya hapo, kwa siku 10 hadi 14. Zifungashe pamoja tayari rafuni, ili anayeuza asisahau nusu nyingine. Na kila bahasha inayotoka iwe na jina la dawa, nguvu yake, mara ngapi na kwa siku ngapi. "1x3" tu haitoshi.

Hatua ya 6: Fedha ya duka na fedha ya mfukoni

Daftari la kaunta la kurasa mia mbili linatosha kuanzia. Kila mauzo yaandikwe yanapotokea, jumla ya siku ipigwe jioni, ilinganishwe na fedha iliyo kwenye droo na iliyoingia kwenye simu. Programu ya simu au kompyuta ni nzuri ukishazoea kuandika. Asiyeandika kwenye daftari hataandika kwenye programu.

Jilipe mshahara. Chagua kiasi, hata kama ni laki moja na nusu, ukichukue tarehe moja ya mwezi. Mchango wa harusi na karo ya mtoto vitoke humo. Droo ya duka ikigeuka ATM ya nyumba, hutajua kamwe kama duka linaingiza faida.

Chukua Lipa Namba kwa jina la duka, siyo kwa namba binafsi ya mume au mke. Baada ya miezi sita taarifa ya miamala inakuwa ushahidi usiobishaniwa. Kwa TRA pia, mfanyabiashara mdogo asiye na kumbukumbu hukadiriwa, na mara nyingi makadirio humwumiza kuliko hesabu yake mwenyewe.

Hatua ya 7: Panga vyanzo kwa bei yake

Ukishafungua mtaji uliolala na bado kuna pengo, basi tafuta fedha za nje. Anza na zilizo karibu.

Mali kauli, yaani kuchukua mzigo leo na kulipa baadaye, ndiyo ya kwanza, na watu huiona ya bure. Siyo. Muulize muuzaji wa jumla bei mbili: ya taslimu na ya kulipa baada ya siku 30. Ikiwa mzigo wa 100,000 unakuwa 106,000, umekopa kwa asilimia 6 kwa mwezi, ghali kuliko benki nyingi. Bei zikiwa sawa, chukua kwa mikono miwili, ila kwa dawa zinazotoka ndani ya hizo siku 30 tu. Na usiwe na mali kauli kwa wauzaji wanne kwa mpigo, utaanza kumlipa huyu kwa dawa za yule.

Kununua kwa pamoja kunasaidia zaidi ya inavyoonekana. Maduka matano ya kata moja yakipiga oda siku moja kwa muuzaji mmoja, nauli inagawanyika na bei ya jumla inashuka. Hakikisheni kila duka linapata ankara na risiti yake, kwa jina lake. DLDM haina kibali cha kuuza jumla, na mmoja akinunua zote kisha kuwagawia wenzake, kwa macho ya mkaguzi ameuza jumla.

VICOBA na SACCOS zinafaa kwa mahitaji madogo na zinakujua. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hutolewa kwa vikundi, kwa hiyo jiunge na kikundi chenye biashara halisi, usisubiri kuundiwa kikundi cha karatasi wiki ya kupokea fomu.

Kwa benki na taasisi za fedha, uliza kama zina mkopo unaoangalia mzunguko wa duka badala ya hati ya nyumba. Kenya kuna mfano wa kujifunza: Medical Credit Fund, ulioanzishwa 2009 na shirika la PharmAccess la Uholanzi, hukopesha vituo vya afya na famasi kwa kutazama mapato yanayopita M-Pesa, na marejesho hutoka kwenye mapato hayohayo. Mfuko huo umefanya kazi na Tanzania pia. Ndiyo maana nimesisitiza Lipa Namba.

Mikopo ya papo kwa papo ya kwenye simu iwe ya dharura ya siku chache, mathalani mzigo umefika na fedha inaingia kesho. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba ya kunyonya, usiiguse. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Muombe aionyeshe. Anayekutaka uache kadi ya benki na namba ya siri, ondoka.

Bima ya afya ni mauzo ya mkopo kwa jina jingine: dawa zinatoka leo, fedha inakuja baada ya madai kukaguliwa. Ukiingia mkataba, hesabu unaweza kubeba miezi mingapi bila malipo hayo kabla ya rafu kukauka, na jaza fomu siku hiyohiyo dawa inapotoka. Madai mengi hukatwa kwa makosa ya fomu.

Hatua ya 8: Pima mkopo kabla haujakupima

Turudi kwenye duka letu la mfano. Mauzo milioni 3, faida ghafi kama 690,000. Toa pango 120,000, mshahara wa mtoa dawa 250,000, umeme, usafi na nauli 50,000, mshahara wa mwenyewe 150,000. Inabaki 120,000. Hiyo ndiyo fedha inayoweza kulipa deni, na busara ni kutumia nusu yake, 60,000, kwa sababu mwezi mmoja kati ya mingi utakuwa mbaya.

Sasa anakuja ofisa na milioni 5, riba "asilimia 3 tu kwa mwezi", miezi 12. Muulize neno moja: riba inahesabiwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho, au kwenye salio linalopungua? Ikiwa kwenye mkopo wote, riba ni 150,000 kila mwezi, jumla 1,800,000, na rejesho ni karibu 566,700 kwa mwezi. Ikiwa kwenye salio, rejesho ni karibu 502,300 na riba yote ni kama 1,028,000. Asilimia ni ileile mdomoni, tofauti ni zaidi ya laki saba na nusu. Ile ya kwanza, ukiigeuza kuwa ya salio, ni zaidi kidogo ya asilimia 5 kwa mwezi. Ongeza ada ya fomu, bima ya mkopo, na akiba ya lazima inayokatwa kabla hujapokea.

Kwa vyovyote duka hili haliwezi. Linaweza kubeba kama 500,000 kwa mwaka kwa riba ya salio, rejesho likiwa karibu 50,000. Kidogo? Ndiyo, lakini kinaweka dari, pazia, kipimajoto na rafu mpya, huku mzigo ukigharimiwa na zile milioni mbili na nusu zilizokuwa zimelala.

Urefu wa mkopo ufuate umri wa kinachonunuliwa. Dawa zinazotoka kwa mwezi zisigharimiwe kwa mkopo wa miaka miwili, wala dari isijengwe kwa fedha ya siku 30. Mzigo wa msimu wa mvua unafaa mkopo wa miezi mitatu unaoisha pamoja na msimu.

Siku ofisa anapokuja kutembelea duka, usimpangie maonyesho. Mpe daftari la mauzo la miezi sita, faili la risiti za manunuzi, taarifa ya Lipa Namba, orodha ya siku ya kuhesabu rafu na nakala za vibali. Mwache aokote dawa yoyote rafuni na kuitafuta kwenye faili. Kabla ya kusaini, mkataba uusome nyumbani, hasa kipengele cha kuchelewa rejesho na cha dhamana. Ukiwa umeandika hati ya kiwanja au kadi ya pikipiki, mwenza wako naye asome.

Mkopo ukipokelewa, fedha iende ilikoandikiwa wiki hiyohiyo. Weka rejesho pembeni kidogo kidogo kila jioni badala ya kulitafuta tarehe 28. Ukiona mwezi umekuwa mgumu, mpigie ofisa kabla ya tarehe, siyo baada ya kupigiwa wewe. Na siku ya rejesho la mwisho usiishie kwenye kuingiza fedha tu. Dai barua ya kumaliza deni yenye muhuri, chukua dhamana yako, kisha barua ile itie kwenye faili lilelile la risiti, nyuma ya kibali cha mwaka.